Faini ya ULEZ paundi 180 na tozo nililipa, nipinge au nilipe tu yaishe?

Mpiga_Honi

Wakuu habari zenu, naomba mawazo yenu maana hapa nyumbani tumeshabishana mpaka chai imepoa.

Iko hivi. Naishi Milton Keynes, London naenda kwa nadra sana, labda kuna msiba au kuna mtu wa kumpokea. Wiki tatu zilizopita siku ya Ijumaa nilimfuata shemeji yangu Heathrow. Ndege ilikuwa itue saa tatu usiku, ikachelewa, na mimi nimeshatoka nyumbani, basi nikajisogeza mdogo mdogo. Gari yetu ni dizeli ya mwaka 2013, najua kabisa haikidhi vigezo vya ULEZ (ile zoni ya London inayotoza gari zenye moshi mchafu), hilo sibishi. Niliingia kwenye zoni kama saa tano na dakika kumi usiku, nikapaki, nikasubiri, shem akatokea na mabegi manne (manne!!) kwenye saa sita na nusu, tukapakia, tukaondoka. Kesho yake mchana nikaingia kwenye tovuti nikalipa tozo yangu ya Ijumaa, paundi 12.50, risiti ikaja kwenye imeili, nikalala usingizi wa mtu aliyelipa deni.

Juzi bahasha ikaingia. PCN (barua ya faini) ya paundi 180, ukilipa ndani ya siku 14 inakuwa 90. Nikasema hawa wamekosea, mbona nimelipa. Nasoma vizuri, tarehe iliyoandikwa ni ya JUMAMOSI, saa 00:52. Yani dakika 52 ndani ya Jumamosi, tena nikiwa natoka siingii!

Mimi kwa akili yangu ule ni usiku mmoja. Kwetu tunasema usiku wa kuamkia Jumamosi, ni usiku huo huo mmoja mpaka kunakucha, hakuna mtu anaamka saa sita usiku anasema kumekucha jamani. Nilijaribu kulipa hiyo 12.50 ya pili baada ya barua kufika, mfumo ukagoma, unasema muda umepita.

Sasa nipinge? Na nikipinga nikashindwa ndo nalipa 180 nzima au ile 90 inabaki? Mwenye uzoefu anisaidie, zimebaki siku kama tisa hivi.

Bure_Ghali

Lipa 90 mkuu uendelee na maisha. Mimi nilihangaika na barua zao mwezi mzima kwa kosa ambalo nilifanya kweli, mwisho nikalipa tu. Huo muda ningepiga shifti moja ya ziada ningekuwa nimeirudisha na chenji.

Odijo_wa_Leeds

Pole sana buda lakini mimi ningepinga, usiwape pesa hivi hivi. Yangu ilikuwa story ingine kabisa, nilitumiwa PCN ya London na siku hiyo gari ilikuwa imepaki nje ya kazi huku Leeds, kutoka asubuhi hadi jioni. Kumbe kuna mjanja ametengeneza namba kama yangu akaweka kwa gari ya model hiyo hiyo na rangi hiyo hiyo. Nikaingia online nikaangalia zile picha zao, nikazoom, gari yao haina roofrack na bampa ya nyuma iko sawa, yangu imebonyea tangu mwaka juzi ile siku bibi aligonga pilipili... sorry aligonga pillar. Nikatuma picha za gari yangu pande zote, barua ya boss kwamba niliingia kazini saa mbili asubuhi, na namba ya ripoti ya polisi. Wakafuta. So ikiwa uko na evidence usiogope hawa watu.

Karani_Mstaafu

Odijo kesi yako na ya huyu ndugu ni mbingu na ardhi. Wewe gari halikuwa lako pale. Yeye gari ni lake, alikuwepo, na picha ni yake. Tusimpe matumaini ya bure.

Mpiga Honi, kaa nikueleze maana wengi wanapotea kwa kutojua hii michezo inavyochezwa, wanaandika barua ndefu ya kulia halafu wanashangaa kukataliwa.

Siku ya ULEZ inahesabiwa kutoka saa sita usiku hadi saa sita usiku. Kila siku utakayoliendesha gari ndani ya zoni ni 12.50, iwe dakika moja iwe masaa ishirini. Ukivuka saa sita ukiwa barabarani ni siku mbili, paundi 25. Inafanya kazi mwaka mzima isipokuwa Krismasi tarehe 25. Na tangu Agosti 29, 2023 zoni imemeza manispaa zote za London, Heathrow ikiwemo, ndo maana watu wa nje kama wewe wananaswa pale. M25, ile barabara kuu inayozunguka London, yenyewe haimo, ila ukikata tu kuelekea uwanjani umeingia. Mwanzo 2019 ilikuwa katikati ya mji tu, 2021 ikasogea mpaka barabara za North Circular na South Circular, kwa hiyo mtu aliyezoea zamani anadhani Heathrow ni porini.

Kulipa unaweza kuanzia siku 90 kabla mpaka saa sita usiku ya siku ya tatu baada ya safari. Ikipita hapo mfumo haupokei tena, ndo hiyo uliyoiona. Ukipewa PCN, kulipa ile 12.50 hakukuokoi.

Sasa pingamizi. Sheria inatambua sababu sita tu. Kwamba gari halikuwa lako wakati ule, umeuza au hukuwa umenunua bado. Kwamba tozo ililipwa kwa wakati na kwa njia inayotakiwa. Kwamba hakuna penalty inayodaiwa kwa mujibu wa utaratibu wenyewe, mfano gari linakidhi vigezo au limesamehewa. Kwamba gari lilichukuliwa bila ridhaa yako. Kwamba kiasi walichoandika kimezidi kinachoruhusiwa. Na ya mwisho ni ya kampuni za kukodisha magari, wao wanamsukumia aliyekodi kama alisaini. Basi. "Sikujua" haimo. "Ndege ilichelewa" haimo. "Usiku ni mmoja" ndugu yangu imenichekesha na nimeielewa kabisa, lakini nayo haimo.

Hiyo haina maana huwezi kuandika. Wenye mamlaka ya kutoza wana hiari ya kusamehe wakiona inafaa, ila ni hiari yao, si haki yako. Kuna nukta moja ina uzito kwako: ULILIPA siku ya kwanza, tena kabla hujaletewa barua yoyote. Hiyo inaonyesha hukuwa unakwepa. Ambatanisha risiti, ambatanisha na ushahidi wa ndege kuchelewa ukiwa nao, andika aya mbili fupi uombe wakubali 12.50 ya Jumamosi badala ya penalty.

Muhimu kuliko yote: tuma NDANI ya zile siku 14. Kisheria una siku 28 za kupinga, lakini ukipinga ndani ya 14 na wakakataa, kwa kawaida barua ya kukataa inakuja na nafasi nyingine ya kulipa nusu. Ukichelewa mpaka siku ya 20 hiyo diskaunti umeichoma mwenyewe. Kwa hiyo kupinga mapema huna unachopoteza zaidi ya muda wako.

Maswali mawili kabla hujaandika. Gari lako Euro ngapi (kiwango cha moshi) kwenye kadi ya gari? Na barua imeandikwa jina la nani?

Mpiga_Honi

Mkuu Karani umeniongezea siku za kuishi, asante. Euro sijaangalia, kuna tofauti gani wakati tovuti imeshasema hapana? Jina sasa... barua ni ya mama watoto, gari tulisajili kwa jina lake. Lakini dereva nilikuwa mimi, naandika mimi tu si ndio? Yeye kasema hataki kuiona hiyo barua.

Karani_Mstaafu

Hapana hapana hapana. Hapo ndo wengi wanapoangukia. Anayedaiwa ni yule anayesomeka kwenye kadi ya gari, si dereva. Kwa hiyo pingamizi linatoka kwake, au wewe uandike kwa niaba yake na yeye aridhie kwa maandishi. Na usije ukapata wazo la kuandika "si mimi niliyeendesha ni mume wangu" ukidhani umechomoka, hiyo haifuti kitu, ulichukua gari kwa ridhaa yake. Mbembeleze asaini.

Kuhusu Euro, ni hivi. Petroli inatakiwa iwe angalau Euro 4, dizeli Euro 6. Kwa kukadiria tu, petroli zilizosajiliwa kuanzia 2006 huwa sawa na dizeli kuanzia Septemba 2015 huwa sawa. Lakini hiyo ni kadirio la tarehe! Kuna gari zilitoka kiwandani mapema zikiwa tayari na kiwango cha juu kabla sheria haijawalazimisha, na kama kumbukumbu za DVLA, wale wa usajili wa magari, hazina kiwango hicho, mfumo unakwenda na tarehe unakuhesabu mchafu. Dizeli ya 2013 kuwa Euro 6 ni bahati kubwa, ila kuangalia kadi ni bure.

Zena_Vumbi

Hapo kwenye kadi naunga mkono kwa mikono miwili na miguu. Gari langu ni petroli ya 2003, dogo tu la kwendea kazini, tovuti ikaniambia nilipe kila siku. Nilikuwa nimeshaanza kulitafutia mnunuzi kwa bei ya kutupa. Fundi mmoja mzee akaniuliza umeangalia NOx kwenye kadi? Mimi NOx naijulia wapi. Kumbe ni gesi chafu ya moshi, na kuna mstari unaandika gramu zake kwa kilomita, na petroli Euro 4 kikomo chake ni 0.08. Langu limeandikwa chini ya hapo. Nikapiga picha kadi nikatuma kwao na maelezo mafupi, baada ya muda nikacheki tena namba yangu tovuti inasema poa hulipi. Gari lile lile, moshi ule ule. Sasa hivi kila mtu mwenye kagari kazee ka petroli namwambia katazame kadi yako kwanza. Kama mstari hauna kitu kuna karatasi unaomba kwa watengenezaji wa gari inayothibitisha kiwango, ila hiyo wengine wanalipisha.

Kwa dizeli pole, sina neno.

Mpiga_Honi

Nimeitoa kadi kwenye droo. Euro 5. Haya.

Odijo_wa_Leeds

Lakini wait, mtu alikuwa amepaki saa sita ikipita. Si nilisikia ukiwa umepaki hulipi? Hapo hakuna ka-loophole?

Karani_Mstaafu

Umesikia vizuri nusu. Gari likilala limepaki ndani ya zoni siku nzima bila kuwashwa, siku hiyo hulipi, hiyo ni kweli na watu wa London wenye gari zilizosimama nje wanaijua. Lakini huyu aliondoka 00:52, akaendesha. Ukiendesha mita mia moja barabarani ndani ya zoni umeshatumia. Angekuwa amelala pale mpaka Jumamosi usiku akaondoka Jumapili ningesema hiyo Jumamosi hawadai kitu, ila maegesho ya Heathrow siku nzima sijui kama ingekuwa nafuu hiyo.

Mama_Shuku

Mimi nachangia kwa upande mwingine maana naona mnaongea kama barua zinafika tu. JAMANI ANUANI. Mwaka niliohama nyumba nilibadilisha anuani kwenye leseni ya udereva nikajiona raia mwema, kumbe leseni na kadi ya gari ni vitu viwili, ukibadilisha kimoja kingine hakijibadilishi. Kadi ikabaki na anuani ya zamani. Nikaendesha London mara moja, kweli sikulipa nilisahau, barua zikawa zinaenda kwenye nyumba ya zamani na aliyehamia pale anazitupa au sijui anazichoma. Penalty ikapanda 50% ikawa zaidi ya ile ya mwanzo, kwa viwango vya sasa 180 inakuwa 270, halafu ikasajiliwa mahakamani Northampton, gharama ya mahakama ikaongezwa juu, mimi nakunywa chai tu sina habari. Nilikuja kujua siku dalali wa mahakama amepiga hodi saa moja na nusu asubuhi watoto wanavaa yunifomu.

Nilichofanya sikulipa pale mlangoni. Nilipiga simu pale pale Northampton kwenye kituo chao cha makosa ya barabarani, nikajaza tamko la kiapo kwamba sikuwahi kuipata PCN ya kwanza, ukisaini mbele ya mtu anayeruhusiwa kuapisha, na ni kiapo kweli, ukidanganya ni kosa la jinai, msicheze hapo. Likakubaliwa, amri ikafutwa, nikarudishwa mwanzo kabisa, PCN ikatumwa upya anuani sahihi na nikalipa nusu. Sikushinda mwaya, nilikuwa na kosa. Ila niliokoka na zile za juu.

Na kadi yenye anuani ya zamani yenyewe ni kosa, faini inaweza kufika paundi 1,000. Kwa hiyo anayesoma hapa na amehama, nenda DVLA onlaini leo, ni dakika chache tu.

Bure_Ghali

Mama Shuku umenitisha, naenda kuangalia yangu sasa hivi

Bure_Ghali

Iko anuani ya mwaka 2019. Siongei tena.

Mtoto_wa_Mjini

Mimi nawaambia kitu kingine kinachochanganya ni kila mji na sheria zake. Mimi nipo Birmingham, kule zoni yao gari dogo ni paundi 8 na unaweza kulipa mpaka siku ya sita baada ya safari. Nikaenda London kwenye harusi nikasema nitalipa mwisho wa wiki kama kawaida yangu, siku ya tano nafungua tovuti, eti muda umekwisha, ni siku tatu. Nikala PCN. Halafu nilipotafuta pa kulipia mara ya kwanza gugo ilinipeleka kwenye tovuti fulani imepambwa vizuri inataka paundi 20 na kitu, karibu nilipe, kumbe si ya serikali ni watu wa katikati wanaongeza ya kwao na hata ukilipa huna uhakika kama imefika. Kama uliwahi kulipa huko na PCN ikaja, wao huko London hawakutambui, unaanza kugombana na benki yako urudishiwe. Nenda moja kwa moja kwenye tovuti ya Transport for London, andika mwenyewe usibofye tangazo.

Na ukilipa angalia herufi O na sifuri. Kuna jamaa yangu alilipa vizuri kabisa kwa wakati, namba akaandika O badala ya 0, PCN ikaja. Yeye alifanikiwa maana alikuwa na risiti ya siku ile ile, gari lenye O halipo kabisa.

Mpiga_Honi

Update wakuu. Mama watoto amekubali kusaini baada ya mazungumzo (nimeosha vyombo siku nne). Tumeandika hivi, kwa kifupi: gari liliingia Ijumaa usiku, tozo ya Ijumaa ililipwa siku iliyofuata, risiti hii hapa, ndege ilichelewa ndo maana tulivuka saa sita, hatukuelewa kwamba siku inageuka katikati ya safari moja, tunaomba mtupokee 12.50 ya Jumamosi. Tumetuma onlaini siku ya nane. Tumepata namba ya kumbukumbu, nimepiga skrinishoti kama Karani ambavyo angeniambia.

Karani_Mstaafu

Sikukuambia ila umefanya vizuri hahaha. Usilipe chochote wakati unasubiri jibu. Ukilipa wanahesabu umekubali na faili linafungwa.

Mpiga_Honi

Jamani nimerudi, wiki tano zimepita kidogo. Jibu limekuja leo. WAMEKATAA. Wameandika kwa adabu sana, kwamba wamesikitika lakini gari lilitumika Jumamosi na tozo ya Jumamosi haikulipwa, na ni jukumu la mwenye gari kujua. Ila Karani ulisema kweli, 90 wameirudisha kwa siku 14 nyingine. Kuna fomu ya kukata rufaa imeambatanishwa. Odijo najua utasema niende. Niende?

Odijo_wa_Leeds

ENDA BUDA 😂

Karani_Mstaafu

Usiende. Nakueleza kwa nini halafu uamue mwenyewe.

Rufaa inakwenda London Tribunals, una siku 28, ni bure, mwamuzi hafanyi kazi kwa waliokutoza, ni mtu wa kujitegemea, na unaweza kuongea naye kwa simu au video ukiwa kwako Milton Keynes au ukaacha asome karatasi tu. Ni sehemu nzuri sana kwa mtu kama Odijo wangemkatalia, au yule wa O na sifuri, au Zena kama wangemng'ang'ania. Wale wana sababu ya kisheria na watu hushinda pale.

Lakini mwamuzi wa tozo za barabara hana mamlaka ya huruma. Anaangalia zile sababu sita, anauliza gari lilitumika, ndiyo, lililipiwa siku ile, hapana, basi. Akikuhurumia moyoni hata machozi yakamtoka hawezi kukusaidia. Na ukienda rufaa ile nusu inaondoka, ukishindwa ni 180. Kwa hiyo unaweka rehani paundi 90 ya ziada kwa kesi ambayo wewe mwenyewe kwenye barua yako umeshakiri kila kitu kinachohitajika kukushinda. Ingekuwa na walau mashaka kidogo ningekwambia jaribu.

Zena_Vumbi

Nakubaliana. Lipa. Na jiunge na Auto Pay, siku hizi kujiunga hawatozi, gari likipita linajihesabia lenyewe wanakata kwenye kadi ya benki mara moja kwa mwezi, ukivuka saa sita linajihesabia siku zote mbili bila wewe kukaa unatazama saa. Ila hakikisha gari umeliingiza kwa namba sahihi na kadi ya benki haijaisha muda wake, ikigoma kukata wanakusimamisha na PCN zinarudi kama kawaida, ilimtokea dada yangu.

Mpiga_Honi

Nimelipa 90. Imeniuma lakini nimelipa. Shem kachangia 30, amesema mabegi mawili kati ya yale manne yalikuwa ya zawadi zetu kwa hiyo hesabu inakaa hapo. Auto Pay nimejiunga, kwa jina la mwenye gari, na paswadi anayo yeye.

Kilima_Baridi

Samahani kuingilia uzi wa watu. Mimi nipo Edinburgh, nilipita katikati ya Glasgow na dizeli ya 2014, sasa naona mnaongea habari za kulipa 12.50, mimi hiyo ya kwangu nilipie wapi kabla faini haijaja?

Karani_Mstaafu

Hakuna. Scotland hawauzi ruhusa ya siku kama London, gari lisilokidhi haliruhusiwi kabisa ndani ya zoni, ukiingia ni penalty moja kwa moja. Ni paundi 60, ukilipa ndani ya siku 14 ni 30. Lakini ukirudia kwenye zoni ile ile ndani ya siku 90 inakuwa mara mbili, halafu mara mbili tena, kwa gari dogo inaweza kupanda mpaka 480. Kwako Edinburgh nako ipo zoni tangu 2024, Dundee na Aberdeen pia. Umepita mara ngapi?

Kilima_Baridi

Tatu.

Karani_Mstaafu

Wiki hii?

Kilima_Baridi

Jumatatu, Jumanne na leo 😭 kuna kazi ya muda nimepata huko

Karani_Mstaafu

Kesho panda treni. Barua zikifika fungua uzi wako, weka tarehe zote tatu na Euro ya gari kama ilivyo kwenye kadi.